Rafu Isiyo na Mgongo

Jumamosi, 6 Machi 2004

Nimepima sebule mara ya tano. Futi kumi na moja kasoro inchi mbili. Jana ilikuwa futi kumi na moja kamili. Ama sebule inasinyaa ama mimi sijui kushika tepu.

Nimekohoa kabla ya kutoka chumbani. Nimekohoa kabla ya kuingia msalani. Nimekohoa kabla ya kurudi. Ndivyo ninavyoishi tangu Jumatatu, mama mkwe alipofika kutoka Bungoma. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Nikikohoa, yeye hujifunika leso usoni na kuinama, nami napita nikitazama dari. Jirani wa chini ameniuliza kama nina kifua.

Nyumba yetu hii ya Kilimani ina chumba kimoja cha kulala; binti yetu Nekesa yuko shule ya bweni. Mama hawezi kulala kwenye kitanda cha mkwe wake, hilo halisemwi hata kwa utani. Kwa hivyo analala sebuleni. Roda, mke wangu, alitundika pazia katikati. Lilidumu siku tatu. Jana upepo ulilipeperusha nikiwa nakula, tukatazamana ana kwa ana, mimi na ugali shavuni, yeye na leso begani. Miaka kumi na minne ya heshima imevunjwa na dirisha. Mama alijifunika akaenda jikoni. Baadaye alimwambia Roda amfungie mfuko, arudi kwake.

Na hawezi kurudi. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lina mtoto wa jicho, na daktari wa hospitali kuu kule Upper Hill amempa tarehe: kupasuliwa Jumatano ya tarehe kumi na saba, kisha mwezi mzima wa kupimwa kila wiki na kutiwa dawa mara nne kwa siku. Akienda bila dawa hizo, daktari alisema, hata jicho hilo moja litakwenda.

Roda amemsihi mpaka amekubali kungoja upasuaji. Zaidi ya hapo, amesema, aonyeshwe ukuta ama aonyeshwe basi la Bungoma. Mfuko uko mlangoni, umefungwa kwa kamba.

Ukuta mwenye nyumba haruhusu. Lakini nina katoni tisa za vitabu, nyingine chini ya kitanda, nyingine nyuma ya mlango. Kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya shule vya Kiswahili kabla havijachapwa, na kila kikichapwa nachukua nakala. Nitatengeneza rafu ya kugawa sebule. Mwenyewe. Sijawahi kutengeneza hata kigoda. Sijui ubao unakatwaje ukanyooka. Nataka sana kujua.

Jumatatu, 8 Machi

Nimepiga simu kutoka ofisini mjini, wakati wa chai. Muuza mbao wa Dagoretti Corner. Nikasema kwa ufasaha wangu wote, naomba mbao za rafu, nane kwa moja, futi sita, vipande kumi. Akauliza, za rafu? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, rafu kabisa? Rafu kabisa. Nilikata simu nimefurahi. Hatimaye mtu katika jiji hili anayesema rafu badala ya shelfu.

Jioni zimeletwa. Hazijapigwa randa hata upande mmoja. Zina alama za msumeno na vibanzi vya kutosha kung'oa ngozi ya kiganja. Nimempigia tena.

"Boss, si wewe uliitisha rafu? Na nikakuuliza mara mbili!"

Rafu. Mbao rafu. Kama mchezo rafu. Mji mzima unajua kwamba rafu ni kitu ambacho hakijalainishwa. Ni mimi tu na kamusi yangu tunaojua kwamba ni mahali pa kuweka vitabu.

Alisema nizirudishe azipitishe kwenye mashine. Nimeona haya. Nirudi nikaseme nini, kwamba msahihishaji wa Kiswahili hakueleweka kwa Kiswahili? Zimebaki.

Roda alikwenda jikoni kumsimulia mama yake. Nikasikia kicheko. Miaka kumi na minne na sijawahi kumsikia Mama akicheka. Kicheko kizito, kinaanzia chini kabisa na kuchelewa kufika juu. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama mwizi.

Jumanne, 9 Machi

Nimepitia kwa Karanja, fundi wa vitanda kando ya Ngong Road. Tunasalimiana miaka mingi na sijawahi kununua kwake hata stuli. Huniita Mwalimu kwa sababu ya miwani. Nilipomweleza habari ya rafu aliweka nyundo chini ili acheke vizuri.

"Mwalimu, uliitisha rafu, wakakupea rafu. Sasa unalia nini?"

Ameniazima randa ya mkono. Akanionyesha mara moja. Usisukume na mkono, sukuma na tumbo. Kwake ubao ulitoa utepe mrefu, mwembamba, unaong'aa. Niliuokota nikauweka mfukoni. Sijui kwa nini.

Jumatano, 10 Machi

Sisi ni ghorofa ya mwisho, kwa hivyo nafanyia kazi juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa moja na nusu, kisha kazini. Jioni tena mpaka giza.

Kwangu hakuna utepe. Kuna unga na vipande. Randa inaruka, inakwama, inachimba. Ubao mmoja nimeuharibu. Shati jeupe la jirani wa chini limekuwa la kahawia. Nimeomba msamaha. Amesema kikohozi sasa amekielewa, ni vumbi la mbao.

Mikono inauma. Nimekasirika na siwezi kusema nimekasirika na nani.

Alhamisi, 11 Machi

Jambo la ajabu. Lazima niliandike jinsi lilivyokuwa.

Asubuhi nilishuka kuchukua chai. Mama hutaka kufanya kazi, hawezi kukaa tu, kwa hivyo yeye ndiye humimina chai yangu na kuiacha kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, kisha hujificha. Haoni ukingo wa kikombe. Nusu ya chai huwa kwenye kisahani. Hunywa ya kikombe, halafu ya kisahani, sijalalamika hata siku moja.

Nilikuwa nimeinama kuchukua kikombe niliposikia sauti yake ndani.

"Wewe sufuria, mwambie bwana wa nyumba anapiga randa kinyume. Mbao inalia. Ageuze."

Alikuwa anaongea na sufuria. Hawezi kuongea nami, kwa hivyo ameongea na sufuria nikiwa nasikia.

Nikapanda juu. Nikageuza ubao, kichwa kikawa mguu. Nikasukuma kwa tumbo. Ukatoka utepe. Mrefu wa mkono mzima. Nikageuza tena makusudi nijue: randa ikakoroma. Nikarudisha: ikateleza. Ni sauti mbili tofauti kabisa. Amezisikia kupitia dirisha la jikoni, chini ya zege, haoni kitu.

Amejuaje? Nimemuuliza Roda kwa simu akiwa kazini kwake, duka kubwa la Karen. Akashangaa kwamba sijui. Marehemu baba yake alikuwa seremala. Yeye alikata na kuunga, lakini Mama ndiye aliyemalizia kila kiti na kila kabati, miaka thelathini. Msasa, nta, kung'arisha. Viti vya kanisa lao ni mikono yake. Nimekalia viti hivyo siku ya harusi yangu.

Sikuwahi kuuliza. Nimejionea aibu siku nzima. Nimeacha makosa mawili kwenye ukurasa wa sitini na tatu na mkubwa wangu ameyaona.

Jumamosi, 13 Machi

Mbao nane zimekamilika. Chini ya ule urafu kulikuwa na rangi ya asali, mistari, na macho ya matawi ya kale. Moja limezungukwa na duara kumi na moja. Nimezihesabu. Ni mbao za saiprasi, zina harufu nzuri. Imeniingia mpaka kwenye nywele.

Karanja alifika mchana kuona kama randa yake bado iko hai. Akatazama mchoro wangu. Akauliza swali moja.

"Na mgongo utampea nani?"

Rafu ina uso na mgongo. Uso ni pale vitabu vinapotazama. Mgongo ni ubao mtupu. Nilikuwa nimechora uso upande wangu bila kufikiri. Yaani mama mkwe wangu akae mwezi mzima akitazama mgongo wa kitu nilichomtengenezea. Kwetu hata kumpa mkwe kisogo njiani ni matusi.

Nimeketi juu ya tangi la maji nikafuta mchoro.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nikimpa yeye uso, mgongo unakuwa wangu na siwezi kufikia vitabu vyangu vya kazi. Nikitengeneza mbili, sebule inakwisha. Nimemuuliza Roda. Amesema hayo ni mambo ya mimi na mama yake, nisimwingize.

Halafu nikaona. Hakuna mgongo. Mbao za kulazwa tu na nguzo mbili. Vitabu vyenyewe ndivyo vitakavyokuwa ukuta. Kimoja kitazame kwangu, cha pili kitazame kwake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na nafasi kati ya ubao na ubao iwe ya kimo cha kitabu na kidole kimoja tu, pasiwe na upenyo.

Nimefurahi mpaka nimecheka peke yangu. Roda anadhani nimechoka.

Jumatatu, 15 Machi

Mama ameingia hospitalini. Nilichukua likizo ya wiki. Roda alimpeleka na mfuko mdogo. Ule mkubwa umebaki mlangoni na kamba yake.

Kabla ya kutoka Mama alisimama ngazini, leso usoni, akauambia mlango: "Mlango, msasa ni mara tatu, wa kukwaruza, wa kati, wa laini. Kabla ya huo wa mwisho aipanguse kwa kitambaa chenye maji. Itasimamisha nywele. Ikikauka ndipo azikate." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango huo. Niliandika kwenye kiganja kwa kalamu nyekundu ya kazi.

Roda amesema kwamba ndani ya teksi mama yake alimshika mkono njia nzima.

Nimekata, nimeunga, nimetia gundi na misumari. Imesimama. Inayumba kidogo upande wa kushoto. Kipande cha mbao chini, basi.

Jumanne, 16 Machi

Ni kweli kuhusu nywele. Nilipangusa kwa maji ubao uliokuwa laini kama sahani. Baada ya saa moja ukawa na nywele kama kidevu cha Jumatatu. Msasa wa mwisho ukazikata na hazikurudi. Nani aligundua hili kwanza? Yeye? Mumewe? Mtu gani aliamua kulowesha kitu alichokwisha kukilainisha?

Jioni nimepaka vanishi mkono wa kwanza, juu huko, chini ya kibanda cha tangi. Inang'aa. Nimeitazama mpaka giza likaingia.

Jumatano, 17 Machi

Siku ya jicho. Roda amezima simu, yuko wodini.

Asubuhi nilipaka mkono wa pili. Ya jana ilikuwa nzito, kwa hivyo nilikwenda duka la vifaa kununua taipentaini ya kuipunguza uzito. Kijana akanipa chupa ya thina, ile ya kuyeyushia rangi ya magari. Nikauliza kama ni kitu kimoja. Akasema zote ni thina. Mimi ninayegombana na watu juu ya neno moja siku nzima, hapo sikugombana.

Vanishi imekunjamana. Yote. Ile ya jana imeinuka pamoja na ya leo, kama utando wa maziwa ukivutwa na kijiko. Nimegusa ikanibandika.

Mvua imeanza saa sita. Nimekaa kibandani na kitu kilichokunjamana, sijui habari za Roda, sijui habari za Mama. Nimeogopa. Si rafu niliyoiogopa. Niliogopa kwamba atatoka Ijumaa na jicho zima, aukute mfuko wake tayari na ukuta haupo, apande basi, alipoteze jicho kijijini kwa sababu mimi nilikula ugali dirisha likiwa wazi.

Saa kumi Roda akapiga. Imekwisha. Amefungwa bandeji. Kama anaona, itajulikana Jumamosi atakapofunguliwa.

Nilimwambia kuhusu vanishi. Nikasikia akinong'ona na mtu. Kisha akarudi: "Anasema vanishi ni ya watu wenye haraka. Anasema ukwangue yote, upake nta."

Amelala chali, macho yote hayaoni, na anamalizia rafu yangu.

Alhamisi, 18 Machi

Nimekwangua kwa vipande vya kioo, mbinu ya Karanja. Saa kumi na mbili mpaka saa nane. Kioo kinakata nyembamba kuliko randa, sikutarajia. Vidole viwili vimekatika. Nimebandika plasta nikaendelea.

Nta nimeipata kwa fundi viatu wa kona, yule anayevuta uzi juu ya bonge la nta kabla ya kushona. Alinimegea nusu bila kuuliza. Nimeiyeyusha kwenye kopo ndani ya maji ya moto, nikatia taipentaini, ya kweli safari hii, nimeinusa mwenyewe. Nimepaka kwa soksi. Nimesugua kwa soksi ya pili.

Haing'ai kama vanishi. Inang'aa kama mtu aliyeoga.

Halafu usafi. Jicho lililopasuliwa halitaki vumbi hata chembe. Nimepangusa sebule kwa kitambaa chenye maji mara tatu, kuta, dari, hata waya wa taa. Jirani wa chini alinisaidia kuishusha rafu. Imepita mlangoni kwa upana wa kidole. Mlango sikuwa nimeupima hata mara moja.

Vitabu vyote ndani. Kimoja kwangu, kimoja kwake. Nimekaa upande wake kuona. Kuna ubao mmoja, wa tatu kutoka chini, ambao kwa chini yake bado ni rafu. Msasa uliniishia. Hakuna atakayepapasa hapo.

Ijumaa, 19 Machi

Roda na Mama wamefika saa saba. Nilikohoa kutoka upande wangu, akajua nilipo. Alikuwa na bandeji. Hakuhitaji leso.

Sikumwona. Nilisikia kiganja. Kilianzia nguzoni juu, kikashuka taratibu, kikafuata ubao wa kwanza mpaka mwisho, wa pili, wa tatu. Kiliingia chini. Kikasimama pale pale. Nikafumba macho. Kikaendelea.

Akamuuliza Roda mgongo uko upande gani. Roda akasema hauna.

Nilisikia kijiko cha jirani kwenye kikombe, ghorofa ya chini.

Kisha akaomba kiti. Sikujua maana yake ni nini. Mfuko bado uko mlangoni.

Jumapili, 21 Machi

Jana wamemfungua bandeji. Amesoma herufi za ukutani mpaka mstari wa nne. Roda alilia mbele ya daktari. Mama alimwambia aache, anamwaibisha.

Leo mchana. Mimi upande wangu na karatasi za kazi, Roda jikoni. Sikukohoa, kwa sababu sikuwa nakwenda popote. Nikasikia kitabu kikichomolewa upande wa pili. Pakawa na pengo la kidole kimoja. Nikatazama magoti yangu. Nikasikia kurasa. Kisha akaanza kusoma polepole, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hii... ni... ra-fu... ya vi-ta-bu."

Kitabu cha darasa la pili. Ukurasa wenye picha ya rafu. Nilipigania neno hilo mimi mwenyewe, mwandishi alitaka kuandika shelfu.

Akarudia. Rafu ya vitabu. Halafu kile kicheko kikaanza, kutoka chini kabisa, na safari hii hakukuwa na ukuta wa jikoni kati yetu, kilinifikia chote.

Sufuria haikuwepo sebuleni. Alikohoa kidogo. Akasema:

"Rafu, mwambie Baba Nekesa, ubao wa tatu kwa chini bado ni rafu."

Nikaweka kalamu chini. Sikuwahi kumjibu Mama neno lolote maishani.

"Rafu," nikasema, "mwambie Mama nimesikia. Kesho nitanunua msasa."

"Ule wa laini," akasema. Hakuitaja rafu. Akajikumbuka, akafunika kinywa, nilisikia leso.

Jumatatu, 22 Machi

Nimepanda juu mapema kuchukua soksi za nta. Kwenye kamba kuna leso tatu za Mama na gauni lake la kanisani, vimefuliwa. Mfuko wake mkubwa uko kwenye kamba pia, umegeuzwa ndani nje, unakauka.

Nikashuka. Sebule kimya, upande wake umetulia. Kwenye kigoda cha jikoni hapakuwa na chai. Nilikwenda kwenye rafu kuchukua kazi yangu.

Ubao wa tatu, vitabu sita vimeondolewa. Katika pengo kuna kikombe changu, kishikio chake kimeelekezwa kwangu. Kimejaa mpaka ukingoni. Kisahani ni kikavu.